Duara Lililotoka Kushoto Tu

Alhamisi, 7 Machi 1957
Nimerudi Thika na vumbi masikioni. Leo Bwana Desai, mwenye studio yetu, alinipeleka kwari ya mawe ya Ruiru kupiga sinema ya baruti. Mimi nilishika kamera, yeye akapima mwanga. Baruti ilitegwa pande mbili za mwamba, kushoto na kulia. Mlio mmoja tu. Watu wa kwari wakasema zimelipuka pamoja. Shemeji yangu Njoroge, mume wa dada Wambui, anavunja mawe hapo. Alinipungia mkono.

Ijumaa, 8 Machi
Mvua kubwa. Kwari imefungwa mpaka Jumatatu. Chumba cha giza siku nzima, kusafisha filamu.

Jumapili, 10 Machi
Tumeitazama filamu ukutani, polepole. Kabla ya vumbi kuinuka, miti iliyo nyuma ya mwamba ilijipinda, kama barabara inavyocheza kwenye jua kali. Duara likapita hewani. Miti ikanyooka. Nikadhani lenzi ni mbovu. Desai akasema hapana, baruti hubana hewa, na hewa iliyobanwa hupinda mwanga. Jicho haliwahi kuona. Kamera huwahi.

Tukairudisha. Duara lilitoka kushoto tu.

"Na kulia?" nikauliza.

Akairudisha tena. Miti ya kulia ilitulia mpaka duara la kushoto lilipoifikia.

Baruti ya kulia bado imo ndani ya mwamba. Kesho asubuhi Njoroge na wenzake watapiga sururu hapo hapo. Simu ya kwari haipokelewi. Kafyu imeanza, hakuna kutoka nje mpaka alfajiri. Naogopa sana.

Jumatatu, 11 Machi
Tulitoka kwa gari la Desai mara kafyu ilipoisha. Karibu na daraja la Ruiru, askari wakatusimamisha. Pasi yangu, kibali cha kwenda Ruiru, ilikuwa ya Alhamisi tu. Nikawaambia watu watakufa.

"Shuka!"

Desai akaanza kubishana. Nikamwambia aende, aniache. Akaenda.

Nilikalishwa chini, mikono kichwani. Jua likapanda. Halafu mlipuko. Ardhi ilitetemeka chini yangu. Nikalia mbele ya askari. Sijali.

Jioni wamenirudisha Thika kwa lori. Studio imefungwa. Desai hayupo. Hakuna anayejua lolote.

Jumanne, 12 Machi
Njoroge yu hai! Wote wazima.

Desai amekuja asubuhi, macho mekundu. Gari lilikwama kwenye matope, akalala Ruiru. Anasema msimamizi wa kwari alimcheka: sinema ya miti inayocheza! Akaamuru watu washuke kwarini kufanya kazi. Njoroge akaweka sururu chini. "Shemeji yangu hawezi kunitania juu ya kifo." Wengine wakakaa naye. Mwishowe fundi wa baruti akaenda kutazama, akakuta waya wa baruti ya kulia umekatika. Wakailipua kutoka mbali.

Halafu Njoroge akafukuzwa kazi. Eti mchochezi. Nimekasirika sana.

Alhamisi, 14 Machi
Njoroge amepata pasi ya kuja kutafuta kazi Thika. Tumekula githeri, mahindi na maharagwe, akavua viatu, akalala kitandani kwangu. Mimi niko sakafuni. Anakoroma vibaya, dada Wambui amelalamika miaka yote. Simwamshi.