Kiganja Chako Ukutani kwa Mama

S.L.P. 41,
Karatu.
12 Machi 2006

Mpendwa mdogo wangu Isaya,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Hujambo na baridi ya Ujapani? Kifua chako je? Sisi wazima. Mvua zimeanza, mahindi tumepanda, na mimi bado ndiye dereva bora kuliko wote wanaoshusha watalii ndani ya kreta. Hata nyati wananipisha.

Mwezi uliopita nilimbeba Mjapani mmoja. Tulipotua kula akafungua gazeti la kwao, nikaona sura yako. Nikawatangazia madereva wote kwamba huyo ni mdogo wangu, anatengeneza utando wa kioo mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, unaopitisha umeme, ili siku moja simu ikunjwe kama leso. Nikamwomba mgeni anisomee kwa Kiingereza. Changu unakijua, hakinipiti kitu.

Akasoma kwamba utando wako ulikuwa unapasuka kila ukikunjwa, mpaka wazo likakujia peke yako ndani ya treni: upake utando mwembamba, katikati utie madini laini ya fedha, kisha utando mwembamba tena.

Peke yako, Isaya?

Nilikuwepo mwaka juzi, nyumbani Endamarariek, ulipomsaidia mama yangu kupaka ukuta. Ulibandika udongo mnene kwa pupa, ukakauka, ukapasuka. Mama akakucheka, akakuonyesha: udongo kidogo, samadi laini katikati, udongo kidogo tena. Ukautazama ukuta hadi uji wako ukapoa. Kisha ukasema mbele yangu, "Mama mkubwa, hii ikikubali kule, jina lako litaandikwa."

Tangu hapo, kila Jumapili akitoka kanisani ananiuliza kama limeandikwa. Mimi ninayewachekesha Wazungu gari zima, mwezi mzima sasa ninamjibu gazeti halijafika. Umenifanya nimdanganye mama yangu. Ungeniibia gari ningekusamehe kabla ya chai.

Andika jina lake tu. Evarista. Hata chini kabisa, kwa herufi za sisimizi.

Kile kiganja ulichobandika ukutani udongo ukiwa mbichi, kama anavyowataka wote wanaomsaidia, bado kipo. Kila akipaka upya anakizunguka. Mvua zikikatika atapaka tena, na jana aliniuliza, "Nikizunguke, au nipake juu?" Sijui amejua nini. Nimemwambia asubiri barua yako.

Mama yako Angela anakusalimu, na Judith wangu na watoto pia. Mungu akutunze huko, hasira zangu zisimzuie.

Mama hakunituma salamu. Amesema nikuulize kama unakula.

Kaka yako, akupendaye hata leo,
Tluway