Kitunga cha Mwenye Wavu

Nchelenge, kwenye ziwa la Mweru

Kwa mutoto wangu Kisimba, huko Moba.

Jambo sana, mwanangu, jambo tena. Mimi mama yako ningali muzima, ila mwili umechoka. Wewe je? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Nyanya yako, mama yangu muzazi, umwambie ninamusalimu magoti chini. Macho yake yanauona mulango bado? Mujomba wako anayekulea, jambo, na mugongo wake unaomuuma. Muke wake aliyekunyonyesha nilipokuwa mugonjwa, jambo. Dada yako Yumba na bwana yake, jambo, na mapacha wao kila mumoja na yake, wasigombane. Jirani yetu mufumaji wa mikeka asisahauliwe. Na Monika, yule musichana unayetaka kuoa, yeye na wazazi wake uwafikishie salamu kwa adabu, maana juu yao njo ninaandika.

Baba yako iko muzima. Ameketi hapa karibu yangu, anashona wavu wa mutu mwingine na kuangalia mukono wangu unavyotembea. Unajua hasomi. Amenituma nikuombe kitu, na nitakiandika, lakini acha kwanza nikueleze, usije ukafikiri baba yako amekuwa mulevi.

Mwaka jana, wakati wa jua, muzungu wa mambo ya samaki alitoka boma akaita wavuvi wote pale mitumbwi inapofikia. Akasema, mukalimani akageuza, kwamba serikali inajenga ukuta mukubwa sana kwenye muto Zambezi, wa kutengeneza umeme wa migodi ya shaba. Migodini watu watakuwa wengi, watataka samaki, kwa hiyo wavuvi wa Mweru waache mambo ya zamani. Anayetaka atakopeshwa chombo cha mbao na nyavu za nailoni, alipe kidogo kidogo kila mwezi kwenye biro ya karani wake. Ila aache kutumpula, ile kazi ya kupiga maji na rungu ili samaki wakimbilie wavuni, maana inaharibu pahali wanapozalia.

Fundi mumoja wa mitumbwi, muzee wa maneno mengi, akauliza serikali yenyewe ilitoa wapi feza za ukuta huo. Mukalimani akataka kumeza lile swali, muzungu akamulazimisha aliseme. Kiisha akajibu bila hasira: zimekopwa ng'ambo, kwenye benki kubwa ya mataifa, na benki inatuma watu wake kuangalia kazi na kuuliza umeme utauzwa bei gani.

"Basi, bwana," fundi akasema, "na wewe uko na kapita wako wa kukusimamia."

Watu walicheka mpaka muzungu naye akacheka. Siku ile tuliona kudaiwa ni sawa mvua, inamunyeshea kila mutu.

Baba yako akaweka dole gumba. Karatasi ilikuwa ya Kibemba, mimi nikaisoma polepole, sawa mutu anayetembea juu ya mawe. Nikaona neno la feza. Nikamuuliza baba yako, akasema samaki njo feza yetu. Nikanyamaza. Ile kunyamaza inaniuma hata leo.

Sasa sikia kosa letu. Desturi unaijua, hata kwetu kwenye ziwa Tanganyika ni ile ile: aliyekupa wavu, ukivua unamupelekea samaki wa kwanza, wale wanono, na hakuna anayehesabu. Kumuhesabia mwenye wavu ni kumutukana. Wavu ukioza, deni limekwisha. Basi kila jumamosi nilichagua samaki, mapale makubwa, nikayakausha kwa moshi, nikayapanga kwenye kitunga, nikabeba kwa kichwa mpaka biro. Karani akapokea, "Asante mama," na kile kitunga muke wake alinirudishia kimeoshwa, na chumvi kidogo ndani. Hapo njo ningefahamu, mwanangu. Mwenye wavu harudishi kitunga na kitu ndani. Anayetia chumvi ni mutu aliyepewa zawadi.

Mvua zilipoanza muzungu alirudi na kitabu. Jina la baba yako liko, na mbele yake hakuna kitu, peupe tu. Baba yako akamuangalia karani. Karani akainamisha kichwa.

"Mama," akaniambia mimi, si baba yako, "nilifikiri ni zawadi."

Baba yako akasema, "Zawadi ya kila jumamosi? Uliona mimi ni muchumba wako?"

Hakuna aliyecheka. Muzungu akauliza vitunga vilikuwa vingapi. Nani angejua? Akafikiri sana, akasema yeye naye anaulizwa na wakubwa wake, na samaki walioliwa hawaingii kwenye kitabu. Chombo kimefungwa munyororo pale boma. Tusipolipa mbele ya mvua kukatika, kitapewa mutu mwingine. Karani si mutu mubaya. Alinunua sukari, akatutumia kwa mukono wa muke wake, na huyo muke tukikutana kisimani anaangalia chini, na mimi ninaangalia chini, tunateka maji kama watu wanaoiba.

Baba yako sasa ni mupiga kasia wa watu, kwenye mutumbwi wa kijana ambaye yeye mwenyewe baba yako alimufundisha kutega wavu. Akirudi, bukari wa muhogo anakula nusu, anasukuma sahani.

Sasa njo ninaandika alichonituma. Baba yako anasema: Kisimba, ile mali ya ndoa uliyoikusanya kwa jasho lako, uitume kwa dereva wa kamyo anayeleta barua hii, tukomboe chombo, na akivua atakurudishia yote, utaoa mwaka kesho. Nimeandika. Ameniambia nimusomee pahali hapo, nimemusomea, ameitika kwa kichwa.

Hapa chini ni maneno yangu, baba yako hayasikii.

Wazazi wa Monika wamengoja mavuno mawili. Hawatangoja ya tatu. Na mimi ninamujua baba yako: atalipa, ni mutu wa kweli, lakini ziwa halijaweka dole gumba pahali popote. Ukituma mali, chombo kitatoka, na wewe utabaki mbele ya wakwe na mikono mitupu, kijana anayedaiwa na baba yake aliyedaiwa na muzungu anayedaiwa na benki. Mimi sitaki mwisho wa kamba hiyo iwe shingo yako. Sisi tutakula sombe, majani ya muhogo tu. Tulikula sombe mbele ya nailoni kuja.

Na kama huko Moba nao wataleta karatasi, uwaulize, watu wakisikia, wao wanakula nini, samaki ao feza, na kila ukilipa uone mukono wao unaandika.

Salamu zangu kwa padri aliyekubatiza, na kwa shangazi yako mwenye kuuza mafuta ya mawese, na kwa yule muzee mulinzi wa makaburi, apalilie pale alipolala mudogo wako.

Dereva anapiga honi. Mwanangu, jibu lako ni mimi nitakayemusomea baba yako, naye atakuwa anaangalia midomo yangu. Kwa hiyo peleka mali kwa wakwe upesi, na uniandikie haraka kwamba umekwisha kuipeleka, ili nikisoma nisiseme uongo.

Mama yako,
Anastasia