Bibi Harusi wa Chumba cha Mafagio

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu Jumapili nausikia kichwani ule ufunguo wako wa chumba cha mafagio ukizunguka kwenye kitasa, taratibu, kama vile wewe uliogopa kukiamsha. Lakini kwanza niulize hali. Goti limetulia? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au bado unampa jirani? Mimi ni mzima wa mwili, na chumba nilichopanga hakivuji tena.

Nakumbuka siku ulizonificha katika chumba cha mafagio cha lile jumba la kale unakofanya kazi, shule zikiwa zimefungwa, nawe huna mtu wa kuniacha kwake. Watoto wa wafanyakazi hawakuruhusiwa. Ulinitandikia magunia, ukaniachia mkate, ukaniambia nitulie kama maji mtungini. Nilitulia, ila kifua hakikukusikia. Nilipokohoa, mmoja wa wageni uliokuwa ukiwaonyesha jumba akauliza kuna nani mle ndani. Hukubabaika. Uliwaambia kwamba ni bibi harusi wa mwenye jumba, aliyefungiwa humo na mume mwenye wivu mpaka akafa, na kwamba akisikia wageni hukohoa. Mama mmoja alilia. Jioni tulicheka njia nzima, ukasema nikizidi kukohoa utaniozesha kweli.

Uongo ule ukakua kuliko mimi. Wageni wakaanza kuja wakimuulizia bibi harusi, mkuu wa jumba akafurahi na kuagiza mlango upakwe rangi, nawe ukakosa pa kurudia nyuma.

Hujawahi kujiita mwongoza watalii, hata walipokupa beji yenye maneno hayo. Ulisema huwaongozi, maana wana akili zao. Unawatembeza tu, kwa hiyo wewe ni mtembeza wageni. Ulilitamka jina hilo kama mtu anayetaja cheo.

Uliponipigia simu Jumapili hiyo, uliniambia kwamba gazeti, katika safu yake ya Neno la Wiki, limeeleza maana ya jina hilo na jinsi watu wanavyolitumia. Kwamba limedai mwongoza watalii ni mtu wa elimu, ilhali mtembeza wageni ni yeyote mwenye ulimi, na likatoa mfano wa mama mmoja anayeliza watu mbele ya stoo ya mafagio. Wageni walikuja na gazeti mkononi wakitaka mlango ufunguliwe. Wakakuta ndoo. Mkuu, yule yule wa rangi, akasema umelifedhehesha jumba, akakuvua beji hadi kikao kitakapoamua kama kazi unayo au huna. Ulisema vijana wa langoni sasa wanakuita Mama Mafagio, nawe umewajibu wajihadhari usije ukaanza kuwafagia wao. Nilicheka.

Ukaniomba, kwa kuwa wewe ndiye uliyenisomesha, nikuandikie barua ya kumjibu huyo mwandishi asiyeweka jina. Maneno ulinitajia mwenyewe: kwamba amemchimbia kaburi mtu aliye hai, kwamba amekula akashiba kisha akaitemea sahani mate, kwamba aliyemlea, kama yupo, apewe pole. Jina lake ukasema niliache wazi, nitalitafuta, kwani si nafanya kazi huko huko gazetini, nasahihisha makosa ya watu?

Nasahihisha, ndiyo. Lakini tangu mwanzo wa mwaka naandika pia. Safu ile ni yangu, Shangazi. Nilikuwa nangoja siku ya kukushangaza nayo.

Neno hilo nililichagua kwa mapenzi, na sijui nikuelezeje lilivyonigeuka mkononi. Mhariri alisoma rasimu ya kwanza akasema imepoa, msomaji hashibi maana, anataka mfano. Nikampa mfano. Wenzangu walicheka, mmoja akanipiga begani, nikajiona nimefika. Alivyozaliwa bibi harusi yule tunajua wawili tu, wewe na mimi. Ningetaka kukuambia kwamba nilisahau. Sikusahau. Niliiacha sababu ya uongo wako makusudi, kwa kuwa sababu ilikuwa mimi, na ingeharibu utani. Hata ile tofauti ya elimu na ulimi niliitunga kwa elimu uliyoilipia kwa ulimi wako.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Ningekuwa nakutuma kazi nyingine. Nisalimie jirani na wote wanaokuja kukujulia hali. Nyumbani sitakuja mpaka uniite, na usiponiita nitaelewa.

Juzi nilikwenda kwa mkuu wa jumba, nikamweleza ni nani aliyekuwa akikohoa na kwa nini alifichwa. Alinisikiliza amesimama, akasema atalifikisha kwenye kikao. Kutoka hapo nikampelekea mhariri barua yako. Aliisoma mara mbili, akaniambia kwamba ikitoka hivyo safu si yangu tena, na labda meza pia. Nikamwambia nimekwisha kuisafisha meza.

Imetoka leo, mahali pa Neno la Wiki. Sikupunguza neno, hata lile la sahani. Na pale uliponiambia niache wazi, nimeandika jina langu kamili, kama ulivyoliandikisha shule.

Mimi mwanao.