Sifa za Zaituni

Alhamisi, Al Muraqqabat

Si kifua kinachoniuma leo, ni ile barua. Madam alimwandikia Zaituni, mtumishi wake hapa Uarabuni, aipeleke hotelini alikoomba kazi. Kwa Kiingereza alisema hawezi kumsifu vya kutosha. Mimi, mwalimu mzima wa Kiingereza, nikamfasiria Zaituni: "Anasema hawezi kukusifu." Akaichana palepale, akarudi Mombasa kufulia watu nguo.

Jioni ileile nilitambua kosa langu. Nikanyamaza, nisichekwe.

Daktari hanipi hata mwezi. Leo Zaituni alipopiga simu, niliazimia kumwambia.

"Shikamoo, Mwalimu. Nasikia u mgonjwa. Madam alinichekea miaka yote ile, wewe tu ndiye uliyeniambia kweli."

Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu." Zaidi ya hapo sikuweza.