Mume Wangu Kakwangua Mashua ya Watu

Shoga pokea simu!! Haya basi soma, mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Unamkumbuka yule jirani aliyetia nanga karibu mno na mashua yetu? Yule ambaye mume wangu aliapa hatamsalimia mpaka kiama?

Leo asubuhi bwana kavaa miwani ya kuzamia, kaingia majini kukwangua mwani na makome yaliyoganda chini ya mashua. Mimi niko juu nashona tanga. Nasikiliza, sisikii akikwangua chini yangu. Nikasema huyu kaanza kuchezea samaki.

Kumbe! Mashua zote mbili nyeupe, maji yamevurugika, mkondo umezigeuza. Kakwangua ya jirani! Yote! YA JIRANI, shoga!

Na jirani yuko juu na kahawa yake, anasikia kwaru kwaru chini ya miguu, katulia tuli kama hayupo!

Bwana akaibuka anahema: "Mke wangu, inang'aa kama sahani!"

Jirani akachungulia: "Ahsante sana. Ila hapo kwenye usukani umepasahau."

Umepasahau!!! Sindano ilinidondoka baharini.

Amerudi kanuna. Nikamwambia, "Bora ungemsalimia tu, ingekuwa kazi ndogo." Hajacheka.

Ngoja. Nasikia kwaru kwaru chini yetu. Na mume wangu huyu hapa mbele yangu, kajifunga taulo.

Shoga, ni jirani! Jirani yuko chini ya mashua yetu!

Na huyu wangu kainama ukingoni, anapaza sauti: "Jirani! Usipasahau hapo kwenye usukani!"