Mwenye Picha ya Fisi Maji

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba goti limepunguza makali, na kwamba cherehani, ambayo huiulizia hali kabla ya kuwaulizia wanao, nayo ni nzima. Msalimie kaka, mwambie lile bomba la jikoni alilosema atalitengeneza kesho, hiyo kesho ilishapita mwaka jana. Mimi mwanao sijambo kabisa. Nakula, nalala, na chumba changu bado hakina pa kukanyaga kwa ajili ya nyaya na mabegi ya kamera. Kabla hujauliza: ndiyo, nimefagia.

Mama, kaa chini kwanza. Nimeshinda. Au tuseme hivi, picha imeshinda. Yale mashindano ya picha za wanyamapori ninayoshiriki mwaka wa tisa sasa, ambayo kila mwaka hunijibu kwa mistari miwili ya kunishukuru, safari hii wamenipigia simu. Nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa. Nilipiga vigelegele mpaka muuza dawa akatoka nyuma ya kaunta kuja kuangalia nani amezidiwa.

Picha yenyewe ni ya fisi maji, yule mnyama wa mtoni mwenye masharubu. Anaogelea huku amembeba mwanawe kwa meno, shingoni, anamvusha. Kitoto kimelegea, kimefumba macho, kimemwachia mama yake kila kitu. Mbele yao ni maji matupu, mengi, yanayong'aa. Mkuu wa majaji, mzee anayevaa miwani moja machoni na nyingine kichwani, aliniambia ametazama picha elfu nne mwaka huu na hiyo ndiyo iliyomnyamazisha. Akaniuliza nilipata wapi ujasiri wa kuacha maji yote hayo mbele ya mnyama, wakati wengine wangemweka katikati. Nikamjibu maneno marefu kuhusu miaka tisa ya uzoefu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilitia ndoo nzima.

Sasa nikukumbushe siku ile uliyokuja kunitembelea kazini. Ulitaka ujionee mwenyewe ni kazi gani hiyo inayomfanya mtu mzima ajifungie kwenye kibanda cha mbao kando ya mto tangu alfajiri. Nilikupa kiti, ukatoa shati la mteja uanze kushona vifungo, nami nikakuonya kwa kidole, kana kwamba ni mimi niliyekuzaa, kuwa usiguse kamera. Ilikuwa juu ya miguu yake mitatu, imeelekezwa kwenye tundu la mdiria, yule ndege mla samaki, ng'ambo ya mto. Baada ya saa mbili ulisema umeona tundu tu, na kwamba tundu hata nyumbani lipo. Betri ikawa inakaribia kuisha, nikaenda garini kuchukua nyingine. Nilikawia kama dakika ishirini, maana niliisahau kwenye koti, na koti lenyewe nililisahau chini ya viti.

Niliporudi ulikuwa umekiinamia kifungo utadhani kitakimbia. Njia nzima ya kurudi hukusema neno, wewe unayeongea hata na taa za barabarani. Nikadhani umechoka.

Basi, wiki mbili zilizopita majaji wakaniomba kitu ambacho huombwa kila mshindi: picha halisi kama ilivyotoka kwenye kamera, pamoja na iliyopigwa kabla yake na iliyopigwa baada yake. Ni utaratibu wao wa kuhakikisha kwamba picha haikupikwa, na kwamba anayesema ni yake ni yake kweli. Hapo nilishikwa pabaya, mama. Kwa sababu kabla yake kuna tundu, na baada yake uko wewe.

Umejaa picha nzima. Unachungulia lenzi kwa mbele, jicho moja umelifinya, uzi umeung'ata mdomoni, kidole bado kiko kwenye kitufe, na uso ni wa mtu aliyevunja sahani ugenini.

Haya, nakiri. Nilikuona jioni ileile. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba yule mnyama alitokea kushoto, ukaigeuza kamera, ukabonyeza mara moja tu, ukaogopa umeiharibu, ukachungulia lenzi kwa mbele na kidole kikabonyeza tena bila wewe kujua, kisha ukairudisha ilivyokuwa. Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikaitazama tena ile ya fisi maji, kicheko kikakatika, kwa kuwa ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nikajiambia kamera ni yangu, mwanga niliupima mimi, mahali nilipatafuta mimi. Nikajiambia hata wewe ni wangu. Nikaandika jina langu. Na walipoiomba hiyo picha yako, kidole changu kilikaa juu ya kitufe cha kufuta siku mbili nzima. Nisamehe, mama. Nimeona haya hata kukupigia simu, ndiyo maana naandika.

Lakini ningeufutaje uso ule? Nilimpelekea mkuu wa majaji picha zote tatu mimi mwenyewe, nikamweleza yote. Alitazama ya kwanza, akatazama ya pili, alipofika kwako akavua miwani, ya machoni na ya kichwani, akacheka mpaka katibu wake akamletea maji. Kisha akawa mkali. Alisema naweza kudai kamera na subira, ila picha ni ya yule aliyeona akaamua, na mimi wakati huo nilikuwa natafuta koti. Akataka kujua huyo aliyepiga alijifunza wapi kuacha nafasi. Nikamwambia ni kwenye cherehani, kwamba katika miaka arobaini hujawahi kukata nguo ya mtoto bila kumwachia pa kukulia.

Uamuzi wao ni huu. Mimi nimefungiwa miaka miwili, na ni haki yangu. Picha itabaki na ushindi iwapo aliyeipiga atakiri kuipiga, kwa kutia sahihi fomu niliyoambatisha, kabla mwezi haujaisha. Asipokiri, inaondolewa. Najua utasema uligusa tu. Ni kweli nilikukataza, ukagusa, na nakushukuru mno. Ajabu ni kwamba njia ya mwongo ni fupi lakini nimeufikia mwisho wake nikiwa na furaha. Naamka asubuhi nacheka peke yangu, jirani wameanza kuniogopa.

Fomu nimekujazia kwa penseli: anwani, aina ya lenzi, saa ya tukio. Mwishoni kuna mistari mitano ambapo mpiga picha anaeleza aliona nini kabla ya kubonyeza. Hapo nimepaacha wazi. Nilijaribu kukutungia mara tatu, nikafuta. Mimi sikuwepo, mama. Niambie ulimwonaje.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia wasalimie zaidi.

Mwanao akupendaye,
Kitindamimba,
mbeba mizigo wa mpiga picha.