Gari Lililochelewa Kuitika

Mjukuu wangu Wafula,

Hapa Tuwan sote tu wazima, na shangazi yako wa Bumula amejifungua msichana. Lakini barua yako imenikasirisha. Umemwuliza babu yako kama ufunge turbo au supachaja ya kuiongezea nguvu injini ya gari lako la spoti, ilhali katika nyumba hii aliyewahi kushindana kwa gari la turbo ni mimi.

Gari lilikuwa la babu yako, na tulikuwa tumeoana juzi tu. Kule Naitiri watu walikuwa wakishindana kwenye barabara ya udongo. Kwenye kona nilikanyaga mafuta, gari likanyamaza. Turbo huzungushwa na moshi wa injini, kwa hiyo ni lazima ungoje moshi ujae. Nguvu ilipokuja, mwenye supachaja alikuwa ameshanipita, maana hiyo huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda na huitika papo hapo.

"Ati uliogopa," babu yako akaniambia mbele ya watu, wakacheka.

"Sikuogopa. Nilikanyaga, gari likachelewa."

"Si useme tu uliogopa?"

Akaingia yeye garini kulijaribu. Kwenye kona ileile nguvu ilimjia ghafla, ikamtupa kwenye shamba la mahindi. Alipotoka humo hakusema aliogopa. Alisema gari lina kasoro, na wote wakamwamini.

Mpaka leo sijalimeza hilo.

Funga supachaja. Na siku dada yako akiliendesha gari lako na kukuambia lina shida, mwamini kabla hujaingia wewe.

Nyanya yako, Kukhu